Fundo ya Kataliko

Kama unatafuta muke wa kichwa nguvu mu Mususa, hapa Butembo, usisumbuke, ni Kanyere. Batu balimwambia: mama, panda taksi, shuka Beni, uone mujukuu wako, urudi. Yee, hapana! Alitaka kushuka na gari-nyumba.

Ile gari ilikuwa na kitanda, jiko kadogo ya gazi na marido, mapazia ya kitambaa, mu madirisha. Bwana yake, Kataliko, aliinunua kule Kasindi kwa wageni fulani benye balikuwa bamechoka na safari. Miaka mingi balizunguka nayo bawili ku masoko, muchana banauzisha bitenge, usiku banalala ndani. Mutoto yabo Eliane alijifunza kutembea kati ya kitanda na jiko. Sasa Eliane alizaa mutoto mwanaume kule Beni, mu mutaa ya Beu, na Kanyere aliapa kwamba huyu mutoto atalala mu kitanda yenye mama yake alilalia. Kataliko, yeye, hakungoja. Malaria ilimubeba mbio mbio mu mvua iliyopita, gari ikabakia mu parsele, mu kiwanja ya nyumba.

Shida ya ile gari ilikuwa moya, mais haikuwa ya kucheka. Freni zake zinatumika na upepo, na upepo ulikuwa unatoroka. Kutoka Butembo mupaka Beni ni mushuko juu ya mushuko. Ukimaliza upepo mule katikati, utafika kweli, mais hapana kwenye ulikuwa unaenda.

Donc asubui Phinées akakuya. Huyu ni fundi wa freni, rafiki ya Kataliko tangu ujana, na njo yeye alikubali kuendesha gari mupaka Beni. Alikuya na kopo ya maji ya sabuni na burushi ya rangi. Alizuia magurudumu na mawe, akawasha moteri mupaka bombone za upepo zikajaa, kisha akazima. Kuku yenye Kanyere alitaka kupelekea muzazi ilikuwa inapiga kelele mu parsele.

"Mama Eliane, nyamazisha ile kuku, ninataka kusikia! Panda, kanyaga freni, usiachie."

Kanyere akakanyaga. Kule chini kitu ikapiga *tsss*, kama nyoka ndogo. Phinées akaingia chini ya gari, anapakaa sabuni fasi kila tiyo, bomba ya upepo, inaungana na ingine. Mahali upepo unatokea, povu inavimba. Alipata fasi moya, akakaza. Mushale ya kipimo ya upepo pale mbele ya Kanyere iliendelea kushuka. Akapakaa tena, polepole, mupaka nyuma karibu na gurudumu ya kushoto.

"Mama Eliane, kuya uone."

Kanyere akajikunja na kitenge yake, akaingia. Tiyo ilikuwa imezungushiwa kamba ya shambrère, ile mupira ya ndani ya gurudumu ya pikipiki. Hakuna cha kushangaa, mu Butembo tunafunga kila kitu na shambrère, kuni, mulango, ata viatu. Mais povu ilikuwa inatokea chini ya ile kamba, na fundo yake Kanyere aliijua. Ncha ilikuwa imerudishwa ndani, imejificha. Mutu moya tu alikuwa anafunga vile.

"Usiguse."

"Mama Eliane, tiyo imepasuka mule."

"Nimesema usiguse! Zungushia ingine juu yake."

"Upepo utatoka tu." Phinées akaweka burushi chini. "Nilimulilia Kataliko. Sitaki kukulilia na weye."

Kanyere akamutukana vizuri, akatoka, akapanda mu gari, akakaa ku kitanda. Nguo za Kataliko, jamaa iligawanya siku ya kumaliza kilio. Koti ilienda kwa muloko yake, ndugu yake mudogo, kofia kwa mujomba, ata mushipi ilipata mutu. Ile fundo tu hakuna mwenye alifikiri kuiomba. Ilikuwa yake yeye peke yake, na alikuwa anajua iko kule chini.

Akakumbuka siku ilifungwa. Balikuwa banatoka ku soko, mvua inanyesha, yeye anamushikia mwavuli bila faida. Kataliko alitoka chini ya gari na matope mupaka mu ndebu, anacheka, akasema: "Hii ni ya kutufikisha nyumbani tu. Kesho nitatia tiyo mupya." Kesho yake akaamuka na homa.

Eeh Nyamuhanga, Mungu wangu! Fundo alichunga, maneno akayasahau. Na nyumbani balifika.

Akashuka. Phinées alishika kisu, Kanyere akakatala. Alifungua na kucha, kisha na meno, mupaka kamba ikaachia. Tiyo chini yake ilipasuka kama kisigino ya mukulima. Phinées akaitoa. Akatia mupya, akajaza upepo, akazima moteri, akapakaa sabuni. Povu ikalala. Kanyere alikanyaga freni, akaangalia mushale mupaka macho ikamuuma. Ilikuwa imesimama.

"Tuende," akasema. Akakamata kuku, akaifunga miguu na kile alikuwa nacho mu mukono.

Balishuka polepole, freni zinaitika kila mara, na jua ilikuwa ingali juu wakati baliingia mu Beu. Eliane alitoka na mutoto mu kifua, akacheka kuona marido za zamani. Akainama afungue kuku. Mukono yake ikasimama. Ncha ilikuwa imerudishwa ndani, imejificha.

"Mama... nani alifunga hii?"

Kanyere naye akaangalia. Hakujua mikono yake ilijifunza lini.

"Ni mimi," akasema. Akapokea mutoto, akamupandisha mu gari, akamulalisha ku kitanda. Kisha akatoa kichwa ku dirisha, machozi inashuka, na hakuyapanguza.

"Fungua tu, mutoto yangu. Tumefika."