Makipa Wawili wa Nyumba Moja

Kocha Garth Penner alipotaka kitu kwako, alikuja amevua kofia. Mwezi wa nne alikaa jikoni kwa Marlene Hrycay, akala perogi, vile vibunda vya unga vilivyojazwa viazi, sahani mbili, akapangusa siagi mdomoni, kisha akampa mkono Orest, mume wa Marlene.

"Wade ni kipa wangu," alisema. "Msihangaike kumpeleka kwenye majaribio kwingine. Nafasi ni yake."

Kwa neno hilo wakaikataa timu ya hoki ya barafuni ya mji wa pili, iliyokuwa ikimbembeleza kijana wao tangu majira ya baridi. Kule mashambani Manitoba, mtu akishakupa mkono mezani kwako humdai karatasi. Ukiidai watakucheka mpaka dukani.

Mwezi wa nane Garth akarudi na kofia yake mkononi. Kuna kijana anatoka kaskazini, kwao hakuna timu, anatafutiwa pa kukaa msimu mzima. Familia za hoki ndivyo zifanyavyo, hupokea watoto wa watu na kuwalea mpaka barafu iyeyuke. Marlene alikubali kabla Orest hajameza alichokuwa akitafuna.

Kijana huyo, Cody, aliletwa na mama yake, Verna Linklater, Mkrii mmoja mpole, wa wenyeji wa asili wa kaskazini, aliyekuwa ameendesha gari kutwa nzima. Begi lilipofunguliwa, zikatokeza kinga za miguu za kipa, pana kama magodoro ya mtoto mchanga. Orest alizitazama, halafu akamtazama mkewe.

Verna naye alikuwa ameziona za Wade ukutani. Akamshika Marlene kiwiko.

"Kocha kaniambia makipa ni wawili, wako na wangu. Yule wa mwaka jana anahama. Lakini nisikilize, dada. Siku ukiona wangu amemtoa mtoto wa mtu kwenye nafasi yake, niambie, nakuja kumchukua. Kwetu hatulelewi hivyo."

"Hajamtoa mtu," alisema Marlene, na aliamini alichosema. "Nitamlea kama wangu."

Majaribio yalipokwisha, Garth aliwaita Orest na Marlene kwenye maegesho ya uwanja. Safari hii kofia ilikuwa kichwani, naye alibaki ndani ya pikapu yake, injini inaunguruma.

"Kipa wa mwaka jana hahami tena," alisema. "Kwa hiyo ninaye yeye, ninaye na Cody. Wade bado mdogo. Mwakani tutaona."

"Ulinipa mkono," alisema Orest taratibu.

"Orest, bwana, hoki ndivyo ilivyo." Akapandisha kioo, kisha akakishusha tena kidogo. "Na Cody mnaendelea kukaa naye, siyo?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Kuna watu Mungu aliwaumba bila haya, na wengi wao, sijui kwa nini, hupewa timu za watoto.

Timu ya mji wa pili ilikuwa imeshajaa. Njiani Wade alilia amegeuzia uso dirishani, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na mitano, na kijana wa umri huo hataki kuonekana. Marlene aligeuka kwenye kiti cha mbele akamshika goti.

"Nikipata njia yoyote ya kukurudisha, nitaitumia. Nakuahidi."

Wiki zikapita. Cody alikula kama mtu aliyealikwa msibani, akisema "asante, shangazi" kwa kila kijiko. Wade hakumfanyia ubaya wowote. Aliziondoa tu kinga zake ukutani akazipeleka chini ghalani, nyuma ya chupa za achari, wala hakushuka tena huko. Marlene alijaribu kumchukia yule mtoto mgeni, akashindwa, akabaki na uchungu usio na pa kwenda.

Jumapili moja Verna alipiga simu wakati Marlene anakanda unga, wavulana wote wawili wako mezani. Akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Habari za huko, dada? Na makipa wetu? Wanapokezana golini?"

Marlene aliinua macho. Cody alikuwa ameshika uma, uso umempauka. Hakuwa amemwambia mama yake kwamba Wade ameachwa. Hakuomba lolote, aliitazama sahani tu, kama anayengoja kuambiwa afunge mizigo.

Na Wade aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya maegesho, macho yake yalikuwa na uhai. Yeye pia aliijua ahadi ya Verna. Sentensi moja tu, na kesho Verna angekuwa barabarani, nafasi iko wazi, na Garth hana kipa mwingine wa kumkimbilia.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema Marlene. "Wanapokezana vizuri."

"Ah, afadhali. Nilikuwa na wasiwasi. Yule kocha ana maneno matamu mno."

Simu ilipokatika, Cody alinyanyuka, akaosha sahani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akatoka nje bila koti. Wade alibaki pale pale.

"Ungesema tu, Mama."

"Ni mtoto wa watu, Wade. Kwao hakuna timu."

"Na mimi timu yangu iko wapi?"

Marlene alisogea karibu naye. Alitaka kumshika, lakini mikono ilikuwa imejaa unga.

"Uliniahidi," alisema Wade. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, vile vile alivyosema baba yake kule uwanjani, na Marlene akabaki amesimama mbele ya mwanawe, hana pikapu ya kuondokea.