Salamu za Mlangoni

Mwalimu mkuu, Bwana Kibiwott, alikuwa ametoa sharti moja. Kipindi cha Ijumaa cha mafumbo ya hesabu kingeendelea iwapo watoto wa gredi ya tatu wangefumbua fumbo moja mbele yake na kueleza sababu, Mwalimu Dinah asiwasaidie. Wakishindwa, kipindi kingerudishwa kwenye marudio ya mtihani. Asubuhi hiyo ya baridi, hapo Kimilili, aliketi nyuma ya darasa na kukunja mikono.

Dinah aliita watoto sita mbele. "Kila mmoja amsalimie kila mwenzake kwa mkono, mara moja tu. Salamu zitakuwa ngapi?"

"Thelathini!" Hillary akajibu upesi. "Tuko sita, kila mtu anasalimia watano. Hiyo ni rahisi, bana."

Darasa likampigia makofi. Dinah aliona kosa lilipo, lakini hakuruhusiwa kusaidia.

"Lete mkono," Leila akamwambia Hillary, akaushika. "Hiyo ni salamu ngapi?"

"Mbili. Yangu na yako."

"Ati mbili? Si tumeshikana mara moja tu?"

"Nimekusalimia, na wewe umenisalimia. Mbili!"

Wakaamua kujaribu. Walisalimiana wote kwa pamoja: mmoja akapata kumi na mbili, mwingine kumi na saba, na Kizito akakiri kwamba alimshika Jairus mara mbili kwa sababu mkono wake ulikuwa na joto. Bwana Kibiwott akatazama saa.

"Tupange laini kama kanisani," Phelista akasema. "Wakati wa kutoka."

"Mnatokaje?" Leila akauliza. Kwao ni karibu na msikiti. Mstari huo hakuwahi kuuona.

"Ukitoka mlangoni unasalimia wote wenye wamesimama nje, halafu unasimama mwisho wa laini. Anayekufuata anafanya hivyo hivyo."

"Na wa kwanza anasalimia nani?"

Phelista alifikiri. Alikuwa katika mstari huo kila Jumapili, na hakuwahi kujiuliza. "Hakuna. Anangoja tu."

Leila akasimama wa kwanza: sufuri. Kizito akaja: moja. Jairus mbili, Edinah tatu, Phelista nne, Hillary tano. Waliokuwa madawatini wakajumlisha kwa sauti. Kumi na tano.

Hillary alitazama kiganja chake. "Lakini mimi nimesalimia watano."

"Hata mimi nimesalimiana na watano," Leila akasema, "na sijatoka hapa. Wewe ndiye umekuja kwangu. Yako na yangu ni hiyo moja."

Hillary akaligeukia darasa. "Basi thelathini yangu imehesabu kila salamu mara mbili."

Bwana Kibiwott akainuka. "Na mimi nikiingia?"

"Sita zaidi," Hillary akasema. "Ishirini na moja. Hatuanzi upya."

Akawasalimia wote sita, akasimama mwisho. "Na mwalimu wenu?"

"Saba!"

Dinah akaanza kwa Leila, darasa zima likihesabu. Kwa Hillary wakafika ishirini na saba. Bwana Kibiwott alikuwa ametia mkono mfukoni.

"Tichaa, imebaki moja!" Hillary akapaza sauti.

Mkono ukatoka. "Ishirini na nane," mwalimu mkuu akasema mwenyewe, akiushika wa Dinah. "Ijumaa ijayo, mwalimu, waite na gredi ya nne."