Mazoezi kwa Mkunga

Kumweleza mtu yaliyo moyoni ni kazi. Kuyaeleza upya kwa mwingine, kwa sababu yule wa kwanza kahamishwa, hiyo sasa ni adhabu. Ndivyo alivyowaza fundi wa mapazia huku akipiga pasi blauzi, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Mchana huu alitakiwa awe mbele ya mshauri nasaha mpya, na hakujua aanzie wapi.

Tuseme ukweli: hata kwa yule wa kwanza hakuwahi kufika penyewe. Miezi yote ile alikuwa akizunguka tu. Mgongo unauma, wateja wasumbufu, kaka yangu hapigi simu ila kutoa pole. Neno lililompeleka kule lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Juzi alimshika mama yake mkono kwa hasira hadi alama ikabaki, na alama ile ilimtisha kuliko kitu chochote. Leo lazima aseme. Akilimeza tena, nani ajuaye mikono yake itafanya nini kesho?

Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa mkunga, tena mkunga wa kuogopwa, kabla kumbukumbu hazijaanza kumkimbia. Jina la bintiye limeshapotea, lakini kazi, loo, kazi haikumtoka! Kila siku humpokea mwanawe kama mgonjwa aliyechelewa kliniki.

“Karibu, mama. Kaa hapo. Unasumbuliwa na nini?”

Siku nyingine binti hujibu, “Ni mimi mwanao,” wakaishia kuzozana. Leo hata nguvu za kubisha hakuwa nazo. Akaisimamisha pasi, akavuta stuli, akakaa. Wazo lilimjia, nalo likamtia aibu: afanyie mazoezi hapahapa, kwa mtu atakayesahau kabla chai haijapoa.

“Sista, nina mama mgonjwa.”

“Enhe.”

“Hanijui. Usiku halali, nami silali. Nikimwogesha ananitukana. Nampenda, lakini…”



“Mficha uchi hazai, mama,” mkunga akasema, kwa ile sauti iliyokuwa ikiwanyamazisha hata waume waliosubiri nje ya wodi. “Sema. Ya humu hayatoki humu.”

“Kuna siku naomba afe.”

Basi, likatoka. Fundi akafumba macho akingoja kofi, matusi, chochote. Alisikia pasi ikifuka mvuke mezani.

“Wanaouguza wengi husema hivyo,” mkunga akasema taratibu. “Mimi nilimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Nilikuwa nikiingia jikoni, najiziba mdomo kwa taulo, nasema hayohayo unayosema. Alipokufa nililia hadi sauti ikakauka, wenzangu kazini wakanishangaa.”

Habari hiyo fundi hakuwahi kuisikia maishani mwake. Anachokumbuka yeye ni bibi akilishwa uji na mama akimwimbia. Akalia, wala si kilio cha adabu; kilio cha makamasi, cha mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Mkunga akamsugua mgongo kwa kiganja, chini kidogo ya kiuno, pale wanawake wenye uchungu wanapoumia.

“Pumua, mama. Pumua.”

Hodi ikabishwa. Alikuwa jirani aliyeahidi kukaa na mgonjwa. Fundi akanawa uso, akavaa blauzi ile, nusu imenyooka, nusu ina makunyanzi. Potelea mbali, haendi harusini. Alikuwa ameshashika kitasa mama yake alipomwita.

“Wewe mama! Huyo mgonjwa wako kesho mlete hapa kwangu, nishinde naye mimi. Wewe ukalale.”

Fundi akageuka, mkono ungali kwenye kitasa.

“Nitamleta, Sista.”