Safu ya Saba

…dakika tatu na sekunde kumi, kamera bado inakusanya mwanga, safu sita za kwanza za sampuli zimeshajitokeza kwenye skrini, kila moja na mstari wake mweusi, mnono, palepale ninapoujua kwa miaka minne, na ya saba bado kijivu, ibaki hivyohivyo, tafadhali, iwe tupu, maana humo nimeweka seli zilizoondolewa kabisa ile protini ninayoichunguza, na kingamwili yangu haina cha kushika humo, kama kweli inashika ninachosema inashika… “Bado?” Profesa anauliza mlangoni, haingii, siku hizi anachungulia maabara kama mgeni anayeogopa kuambiwa avue viatu, “Bado, Profesa,” “Daktari mtarajiwa, jarida linasubiri picha leo, na hiyo safu ya saba hakuna aliyeiomba,” na ni kweli, hakuna, wala mimi, mwaka wa kwanza nilisoma karatasi iliyokuja na kichupa cha kingamwili, imehakikiwa, ikasema, na mimi na digrii zangu mbili nikaiamini kama mtoto anavyomwamini muuguzi kwamba sindano haiumi, ukumbi mzima wa maabara tunatumia kichupa hichohicho, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepima… pale, ule ni mstari au macho yangu, nafuta miwani, upo, mwembamba kama unyusi wa penseli, labda safu ya sita imevuja, lakini nilipakia mwenyewe na mkono ulitulia, acha kujidanganya, mama wewe… mama, ndiyo, kisukari chake kina mwaka wa tisa, anawaambia majirani binti yangu anatafuta kinachoifungulia sukari mlango wa misuli, anaeleza vizuri kuliko tasnifu yangu, juzi kwenye simu, “Hako kamlango mmekaona?” “Tumekaona, mama, tena kanaonekana vizuri mno,” nikacheka, akacheka, kumbe miaka yote huenda nimepiga picha protini nyingine yenye uzito uleule, inayosimama palepale, mpita njia tu, na nikamwandikia sura tatu… dakika nne na nusu, unanenepa, “Ikate hiyo ya pembeni, picha itakuwa safi,” Profesa anasema, na kwa upole, afadhali angefoka, kidole kipo kwenye kipanya, kukata ni mbofyo mmoja, napata joho, mama anapata picha ya ukutani, na mtu nisiyemjua, kwenye maabara nisiyoijua, anaagiza kichupa kilekile kwa sababu mimi nimesema kinafaa, anapoteza miaka yake minne, na hatawahi kujua wa kumlaumu, ila mimi nitajua, kila nikiitwa daktari nitajua… “Sikati, Profesa,” natamka, nami ndiyo kwanza nalisikia neno hilo, “safu ya saba ina mstari, hatujui tumekuwa tukipima nini,” viatu vyake havisogei, sauti yake inashuka, “Nani mwingine ameuona?” “Mimi tu, bado,” dakika tano kasoro, kamera inaendelea kukusanya, na mkono wangu wa kushoto umeshaacha kipanya, unatafuta kwenye simu namba ya dada wa chumba cha tatu, naye anatumia kichupa hichohicho, ambaye saa hizi huwa anatoa sampuli zake kwenye friza…