Benchi la Buriani

Tangu stendi ya mabasi ilipohamishiwa kule barabara kuu, mtaa wa maduka ulikuwa umelala usingizi wa pono. Duka la viatu lilifungwa kwanza, likafuata la vyombo, kisha la dawa. Wenye maduka waliobaki wakawa wanashinda barazani wameshika tama, wakiamkiana mara tatu kwa siku kwa kukosa la kufanya. Kinyozi alikuwa amejinyoa mwenyewe mpaka kichwa kikabaki kinang'aa kuliko kioo chake. Fundi redio naye alikwisha kuzitengeneza redio zote alizoachiwa, hata zile ambazo wenyewe walihama mji bila kuzifuata, na sasa zilisoma habari zote kwa pamoja, wala hapakuwa na msikilizaji.

Biashara moja tu ilikwenda vizuri, na hiyo ndiyo iliyowakera wengine. Ilikuwa ya mtengeneza majeneza, aliyelipanga lile duka la viatu baada ya kodi kushuka. Watu walimwita Buriani, jina ambalo hakulichagua wala hakulikataa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kwa kuzoea kusema na waliofiwa, sauti yake ilikuwa imeshuka hivi kwamba hata akiagiza chai ungedhani anakupa pole. Wateja wake hawakubishana sana, na hata mmoja hakuwahi kurudi kulalamika kwamba alichonunua hakimtoshi.

Tatizo lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Dada mkubwa wa mkewe alikuwa na duka la vitambaa pale, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kufufua Mtaa. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi yake, aliyaona majeneza matano yamesimamishwa wima, yamemkabili kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Yeye na Buriani waliitana Shemeji, kama ilivyo ada, ila kinywani mwa mama huyu neno hilo lilikuwa na uzito wa hukumu.

Jumatano moja aliwaita wote kwenye mgahawa wa chai.

"Shemeji," alimwambia Buriani mbele za watu, "sina ubaya na wewe. Lakini mtu anakuja kununua kitambaa cha nguo ya harusi, anageuka, anakutana na jeneza. Unadhani atanunua mita ngapi?"

"Labda zile anazozihitaji, Shemeji."

"Hanunui hata moja. Anamkumbuka mama yake mgonjwa, anakimbilia nyumbani."

Fundi redio, aliyependa kuchokoza, akasema kwamba hata jina la kamati halimfai Buriani. "Sisi tunafufua, yeye anazika. Tukimwingiza humu atakuwa anajiharibia kazi."

Watu wakacheka, na Buriani akacheka nao, japo kidogo. Kisha mwenyekiti, Shemeji, akatoa habari yenyewe. Halmashauri ilikuwa na mpango wa kuanzisha upya soko la kila wiki, ila haikuwa imeamua liwe wapi, mtaani au kule stendi. Alhamisi ya juma lijalo, saa kumi, Afisa wa Biashara angekuja kuutazama mtaa. Akiukuta hai, soko ni lao. Akiukuta maiti, basi tena. Kwa hiyo kila mtu apake rangi mlango wake, afagie mbele yake, avae vizuri. Na Buriani afunge duka juma zima.

"Na mtu akifa?" aliuliza Buriani.

Shemeji alifikiri kidogo. "Wapite mlango wa nyuma."

Jioni ile Buriani hakula vizuri. Mkewe akamwangalia anavyouzungusha mkono kwenye sahani, akajua. "Dada ndivyo alivyo," alisema. "Hata kwenye harusi yetu aliwapanga watu kwa urefu. Lakini moyo anao."

"Moyo anao," alikubali Buriani. "Tatizo haji nao mikutanoni."

Hata hivyo alitii. Alifunga milango, akabaki ndani na mbao zake, na kwa kuwa hakuwa na la kutazama, akawa anachungulia mtaani kupitia upenyo wa mlango. Kwa mara ya kwanza aliuona mtaa kama anavyouona mpita njia. Siku ya pili alimwona bibi mmoja aliyekuja na kikapu kutafuta uzi. Bibi alitembea hatua chache, akashika nguzo, akahema. Akatazama huku, akatazama kule, hakuona mahali pa kuweka mwili wake. Ngazi za duka la vitambaa zilikuwa na rangi mbichi. Kiti cha kinyozi kilikuwa ndani. Baada ya kupumua akageuza, akarudi stendi bila uzi.

Buriani akabaki pale mlangoni, jicho kwenye upenyo. Mtaa mzima, alijiambia, na hakuna pa kukaa isipokuwa uwe unanyolewa.

Hakuomba ruhusa ya kamati. Alichukua masalia ya mbao nzuri, akapiga randa, akapiga msasa, na kwa siku mbili akatengeneza benchi refu la watu watano, lenye egemeo, lililopakwa vanishi mpaka likawa linaonyesha sura. Alipojaribu kulisogeza akakuta ni zito, na alijua litahitaji kusogezwa kwa sababu kivuli cha mtaa ule hakitulii. Likahitaji vishikio. Vishikio alivyokuwa navyo vilikuwa vya aina moja tu, vya shaba, vyenye nakshi ya maua. Akafunga vinne, viwili kila upande, akalitoa nje alfajiri ya Jumapili.

Mchana haujafika, lilikwisha kupata watu. Mama wawili waliotoka stendi walikaa kupumzika, wakapiga soga hadi chai ikaagizwa. Mzee mmoja akaketi kumsubiri kinyozi, ingawa kwa kinyozi hakukuwa na foleni. Jua lilipowafikia, walishika vishikio wakalihamisha. Wengine walivitambua, wakataniana.

"Umeshika pabaya, hapo ni pa kichwani."

"Afadhali nikalie sasa, nikiwa na akili zangu."

Kwa kufuata kivuli siku hadi siku, benchi lilitembea lenyewe, kama ng'ombe anayekula majani, mpaka Alhamisi asubuhi likawa limefika mwanzo wa mtaa, karibu kabisa na barabara kuu. Huko ndiko Shemeji alikolikuta saa nane na nusu mchana, alipokuwa akifanya ukaguzi wa mwisho na kalamu sikioni. Kwa siku zote hizo alikuwa na shughuli za rangi, hakuwahi kuinama kulitazama. Sasa aliinama.

Aliagiza Buriani aitwe.

"Shemeji, hivi ni nini?"

"Vishikio, Shemeji."

"Vya nini?"

Buriani alitazama viatu vyake. "Vya benchi."

"Mgeni anashuka garini, kitu cha kwanza anakutana na vishikio vya jeneza. Liondolewe hapa sasa hivi. Lipelekwe mwisho wa mtaa, mbele ya duka langu, kule nitalikagua mimi mwenyewe. Na lifunikwe."

Alikwenda mbio dukani, akarudi na kitambaa cheupe cha thamani, akakitandika juu ya benchi mpaka kikaning'inia pande zote. Kisha akatangulia kwenda kupanga viti.

Walioshika vishikio na kulipandisha mabegani walikuwa wanne. Buriani na mpika chai mbele, kinyozi na fundi redio nyuma. Fundi redio alikuwa na goti bovu, kwa hiyo ilibidi waende polepole. Na kwa kuwa Buriani hakuwa amewahi kubeba kitu cha namna ile kwa mwendo mwingine, alisema kwa sauti yake ya chini, "Mguu wa kushoto kwanza, tafadhali." Wote wakatii.

Basi wakaondoka hivyo, watu wanne wenye nguo safi na nyuso zilizokunjamana kwa uzito, kitambaa cheupe kikipepea. Pale barabara kuu, mwenye pikipiki mmoja alizima injini. Mama muuza ndizi akasimama. Abiria waliokuwa wakisubiri basi wakavua kofia, wakanong'onezana kuuliza ni nani, na hakuna aliyejua, na kwa kuwa si vizuri kumwacha mtu aende peke yake, wakafuata. Mwanzoni walikuwa kumi. Walipofika kwa kinyozi walikuwa thelathini. Buriani alisikia nyayo nyingi nyuma yake, lakini hakuweza kugeuka, shingo ilikuwa imebanwa na egemeo.

Afisa wa Biashara alifika saa tisa, saa nzima kabla ya wakati, kama wafanyavyo wakaguzi. Alikuwa bwana mnene, mwenye faili kwapani. Alipoona msafara alisimamisha gari, akashuka, akaweka faili kwenye kiti, akaunga nyuma. Baada ya hatua chache alimwona fundi redio anachechemea, akamgusa bega, akachukua nafasi yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa na nguvu, akabadilishana nafasi na mpika chai, akapita mbele. Hivyo akajikuta bega kwa bega na Buriani.

"Poleni sana," alinong'ona.

"Ahsante, mzee," alijibu Buriani, maana hilo ndilo jibu alilolizoea.

"Si mzito sana."

"Ni mbao laini, mzee."

"Alikuwa mtu mzima?"

Buriani hakuwa mtu wa kusema uongo, ila hakuona pa kuanzia. "Hapana, ni jipya kabisa. Nimelimaliza Jumamosi."

Afisa alimtazama kwa huruma, akidhani uchungu umemchanganya.

Shemeji alikuwa barazani kwake akipanga viti. Aliinua kichwa, akaona watu wapatao themanini wanakuja kimya katika mtaa ambao kwa miaka miwili haukuwahi kupata watu wanane. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha akakiona kitambaa chake. Kisha akamwona bwana aliyekibeba, akaikumbuka picha ya Afisa wa Biashara iliyokuja na barua ya halmashauri. Akakaa kwenye kiti cha mgeni.

Wakalitua mbele yake. Watu wakazunguka. Afisa alifuta jasho, akatazama rangi mpya za milango, akatazama chini kwenye lami, akauliza kwa upole, "Samahanini, tunamzika hapa?"

Ndipo yule bibi wa kikapu, ambaye siku ile alikuwa amerudi kufuata uzi wake na kutembea na msafara tangu stendi, akashindwa na miguu. Alipenya katikati ya watu, akafunua kitambaa kwa ncha ya vidole, akaona mbao, akaona egemeo, akaketi.

"Msinitazame," alisema. "Nimechoka."

Kinyozi ndiye aliyeanza, akajaribu kukifanya kicheko kikohozi, kikamshinda. Kikampata mpika chai, kikampata mama muuza ndizi, kikaenda mpaka mwisho wa umati, ambako watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Afisa peke yake alisimama kama nguzo. Shemeji alifumba macho akalizika soko moyoni mwake. Alipoyafumbua, afisa alikuwa ameketi kando ya bibi, tumbo likimtikisika.

"Nimekagua mabenchi mengi," alisema. "Hili ndilo la kwanza nililolibeba kwa heshima zote."

Watu hawakuondoka. Wangeondokaje? Walikuwa wametembea juani, walikuwa na kiu, na waliona aibu kugeuza mara moja kana kwamba wamekatishwa tamaa na uhai. Mpika chai aliishiwa vikombe akaazima kwa kila duka. Kinyozi alipata foleni ya kweli mpaka mikono ikamtetemeka. Wanawake waliingia dukani kwa Shemeji, wakasema hawakujua kwamba bado lipo. Bibi alipata uzi wake, tena aliletewa pale alipokaa. Afisa aliagiza faili lake lifuatwe garini, akaandika mpaka saa kumi na mbili, akinyanyuka tu pale walipohama na kivuli.

Baada ya majuma mawili barua ikaja. Shemeji aliisomea kamati mgahawani, akiwa amesimama. Afisa alikuwa ameandika kwamba mtaa ule una watu wanaoshikamana na wanaojua kumpokea mgeni, na kwamba soko litakuwa pale kila Alhamisi. Halmashauri ingependa pia mabenchi sita, na fundi aachiwe kuchagua vishikio.

Buriani alikuwa amesimama mlangoni, kwa kuwa hakuwa mjumbe. Shemeji alikunja barua, akafungua daftari la kamati. "Njoo ukae," alisema bila kumtazama. "Jina lako kamili."

Alimtajia.

"Na la baba yako?"

Hapo wote wawili wakatambua kwamba katika miaka kumi na tisa ya ushemeji, Shemeji alikuwa hajawahi kuuliza. Buriani akamtajia na hilo. Mwenyekiti aliliandika kwa herufi kubwa, taratibu, akapuliza wino ukauke.

"Sasa wewe ni mjumbe," alisema, "na kwa kuwa u mjumbe nakwambia, siku za soko majeneza yako yaingie ndani hatua mbili kutoka mlangoni."

"Hatua moja, Shemeji. Mbili nitakuwa sina pa kusimama. Na wewe vitambaa vyako vimemeza njia."

Walibishana hadi chai ikapoa. Hatimaye Shemeji alimfuata mpaka dukani kwake, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu, na utepe wake wa kupimia shingoni. Akapima kutoka kizingiti hadi jeneza la kwanza, akapima upana, akamwambia Buriani asimame hapo ili aone anahitaji nafasi kiasi gani kugeuka na randa. Wakakubaliana hatua moja na nusu.

Jioni mkewe alimuuliza kikao kimekwendaje.

"Vizuri," alisema Buriani, akivua viatu. "Dada yako amenipima."

Mkewe aliacha kijiko. "Amekupima nini?"

"Nafasi," alisema, akasogeza sahani yake karibu. "Kimebaki chakula?"