Tezi ya Ukubwa wa Choroko

...kidonge chenyewe cheupe, kidogo, hata kiganjani hakijulikani kama kipo, na daktari Getrude ameshampa kikombe cha maji, "Meza mama, taratibu tu," kisha akamgeukia Hemedi kuendelea kumweleza, maana anayeelezwa siku zote ni mume hata ugonjwa ukiwa wa mke, na Mwanahalima amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali, ushungi umemteleza, hakimezi, anasikiliza maneno yakimpita, tezi, damu, homoni... "Ni tezi ndogo, baba, iko chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya choroko, lakini ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine," na Hemedi anaitikia ehe, ehe, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda harusini... choroko! miaka kumi na moja ameitwa mvivu, goigoi, mzigo wa nyumba, mke wa kulala mchana kutwa, kumbe choroko, na choroko kijijini kwao Kanga huchaguliwa kwenye ungo, mbovu zikatupwa kwa kuku, nani angejua kwamba iliyooza imo kichwani mwake... "Mwanamke akibeba mimba tezi hiyo hukua, inataka damu nyingi kuliko kawaida, sasa mama huyu alipojifungua alimwaga damu sana, tezi ikakosa damu, ikafa," ikafa, amesema ikafa kwa sauti ya kusema duka limefungwa, na hakuna aliyeizika wala aliyeililia, siku ile nyumba nzima ilikuwa kwenye furaha ya mtoto, godoro limelowa mpaka sakafuni na wifi yake Somoe anapiga vigelegele, wa kike, wa kike! naye Mwanahalima anayaona makuti ya paa yakienda mbali, mbali, sauti za watu zinatokea upande wa pili wa kitu asichokijua... akaishi, wakasema Mungu mkubwa, na kweli mkubwa, lakini siku ya tatu maziwa hayakuja, ya tano hayakuja, Husna anakamata titi, anavuta, anaachia, analia, wakamkanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka, wakamnywesha uji wa pilipili manga, Somoe akasema dawa ni supu ya pweza, hakuna ziwa la kushindana na supu ya pweza, na pweza wa maana wako mwambani ndani ya maboya, kule hifadhi ya bahari ilikokataza kuvua, Hemedi akaenda alfajiri, doria ikamkuta na pweza mmoja, mmoja tu, pweza akawa kidhibiti, mtumbwi ukawa kidhibiti, na mtumbwi haukurudi, Mwanahalima akaletewa pweza mwingine wa kununua, akainywa supu mpaka akaitapika, ziwa kavu... na tangu hapo kila barazani Hemedi ana hadithi yake moja, jamani, chombo changu kimeliwa na maziwa ya Mwanahalima, maziwa yenyewe sikuyaona, watu wanacheka, naye Mwanahalima yuko ndani nyuma ya pazia anasikia.

"Maziwa nayo yanaamriwa kutoka huko huko," anasema daktari, "hata angekunywa supu ya pweza wa bahari nzima, baba, hayangetoka," lakini haonekani kumlaumu mtu, ana sauti laini ya bara huyu mama wa Mbeya, na ndiye aliyemwuliza juzi, malaria ikiwa imemwangusha kisimani, akaletwa hospitali, na maji ya dripu yakiingia mkononi, mama, ulipojifungua, maziwa yalitoka? akaliuliza likiwa swali kweli, si shutuma, mtu wa kwanza duniani, na Mwanahalima akalia mpaka nesi akadhani sindano imetoka kwenye mshipa... wiki mbili tu, Somoe alisema, nipe nikae naye kwangu Kirongwe, na mimi nina changu kinanyonya, ziwa lako likifunguka utamchukua, akamfunga Husna kwenye kanga, akaenda, na ziwa halikufunguka, na mtoto ni wa anayemnyonyesha, asikwambie mtu, sasa Husna huja sikukuu kwa sikukuu, shikamoo, marahaba, anabusu mkono kwa adabu zote, Somoe ndiye anayemwita mama, na Mwanahalima anamwita mama wa Kanga, mama wa Kanga, utadhani muuza mihogo... "Na hedhi pia, baba, ilikatika tangu wakati huo," Hemedi anakohoa, anatazama dirishani, ana haya leo, hakuwa na haya kuhamishia mkeka chumba cha pili akisema amelala na maiti miaka mingi, mwanamke wa baridi, mwanamke wa kujifunika blanketi joto la kaskazi, kumbe joto nalo lina tezi yake, iko shingoni, inangoja amri isiyokuja... na hiyo hedhi, wanawake wenzake ndio waliomwonea kijicho, wao baada ya Ramadhani wanalipa siku zao, sita, saba, wanafunga peke yao watu wakila, yeye hana la kulipa, anafunga mwezi mzima, anaswali mwezi mzima, Mwanahalima kasamehewa na Mola, walisema, mwombe akuombee dua, na yeye mjinga akaamini, akajiona kapewa hiki badala ya kile, akashukuru! alikuwa anakufa kidogo kidogo na anashukuru, mpaka walipogeuza maneno, mwanamke asiyeona damu ana lake jambo, na mwaliko wa harusini ukaanza kumpita mlangoni.

"Sasa akivimeza hivi," Hemedi anauliza, na Mwanahalima anainua uso, moyo wake, mjinga mwingine huo, unangoja, "akivimeza... atazaa?" naam, hilo ndilo lililomleta, na daktari anamjibu kwamba la kuzaa lina dawa zake, mpaka Dar, na si la uhakika, hivi kwanza ni vya kumweka hai na ni vya maisha, asikose hata siku moja, na Hemedi anaachia pumzi, "Alhamdulillahi, Mama Husna, umesikia? Kumbe maradhi," kumbe, kumbe! neno hilo moja ndilo lote alilonalo, na Mama Husna, leo ndiyo siku ya kumwita Mama Husna, anamtazama mdomo kuona kama nyuma ya kumbe kuna jingine linakuja, nisamehe, au hata pole, pole tu ingetosha, lakini anauliza kama vidonge huliwa na chakula... "Na chakula, ndiyo, kidonge hiki kinashika nafasi ya homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hiyo ndiyo inayomwinua mtu akiugua, akishtuka, akikasirika, yeye mwili wake ulikuwa hauna pa kuichota," akikasirika... akikasirika? basi ile asubuhi, yeye amesimama mlangoni, Somoe anakaza fundo la kanga, kichwa cha Husna kinachungulia, na yeye akasema haya, nendeni salama, haya! ndilo neno lililomla kila usiku miaka yote hii, mama gani anasema haya, mama gani anasimama tu, akajiona kwamba alimtoa mwanawe mwenyewe kwa mkono wake, hakumpenda, hana moyo, kama walivyosema... hakumtoa, hakuridhia, alichukuliwa mtoto akiwa hana cha kupigia kelele, hata hasira walimkuta hana, na wakauita ukimya wake ridhaa, wakamlia haki yake humo humo, na wala hakuwadai.

"Meza basi, upate nguvu, uturudie nyumbani," Hemedi anasema, maskini, hajui anachokiombea, nyumbani ni jiko na ndoo na kuni, na yeye atakimeza, ndiyo, na kesho kingine, na kesho kutwa, lakini nguvu ya kwanza itakayorudi haitakwenda jikoni, itakwenda Kirongwe kwa miguu yake, itabisha mlango wa Somoe mchana watu wakiona, na itapiga kelele zote ambazo hazikupigwa, pengine Husna ataogopa, aogope, mtoto na amsikie mama yake akigomba hata mara moja, na baada ya Somoe kuna mtu mwingine wa kuulizwa, yuko hapa hapa ameshika kofia, anatabasamu, anamsogezea kikombe karibu na mdomo, "Meza, Mama Husna," kwa upole ambao angeufia zamani, "unangoja nini?" na kidonge bado kiko kiganjani, na Mwanahalima anatambua, bila hata huzuni, kwamba alikuwa anangoja samahani yake, na kwamba haitaki tena.