Salamu Zilizomaliza Betri

Mkunga wa kituo cha mlimani alikuwa na mikono myepesi, ila ya baridi. Kila asubuhi alipanda mlima kwa pikipiki kuukuu aliyoachiwa na babu yake, ukungu ukimng'ata vidole, na akigusa tumbo la mjamzito, mama wa watu huruka kama aliyekalia siafu. Wakambatiza Barafu. Kisha, mmoja mmoja, wakaacha kuja.

"Jumanne nakuja mwenyewe," msimamizi wake akamwambia. "Nikikuta hakuna anayehudumiwa, kituo nakifunga."

Kikifungwa, mwenye uchungu atashuka mlima mzima kwa miguu. Wazo hilo lilimkosesha mkunga usingizi, hata akamwendea mume wa dada yake, fundi wa pikipiki. Fundi akamtafutia glavu za kupasha moto kwa umeme, akapitisha waya ndani ya koti hadi kwenye betri.

"Sasa nisikilize, shemeji. Pikipiki hii ni mzee, inazalisha umeme kiduchu. Ukiwa mwendoni, unatosha taa na glavu. Ukisimama, glavu zinakula betri, na betri ikiisha injini inazima. Kwa hiyo usisimame ovyo."

"Nisimame nifanye nini?"

"Wewe? Wewe hata mbuzi unamuuliza habari za nyumbani."

"Na nikilazimika?"

"Zima swichi, au vuta mafuta injini iungurume."

Swichi yenyewe aliifunga ndani ya koti, chini ya vifungo vinne, isilowe.

Jumanne vidole vilipata moto mtamu, mkunga akaimba peke yake hadi katikati ya mlima. Hapo, kando ya njia, alisimama mwalimu mstaafu, bibi aliyemfundisha kusoma. Kumpita bila salamu? Afadhali apite uchi. Akasimama, akavuta mafuta.

"SHIKAMOO, MWALIMU!"

"Unaniamkia au unanitisha?"

Mkunga akaona haya, akaachia mafuta. Injini ikatulia, ikawa inakohoa taratibu.

"Marahaba. Enhe, sasa nimekusikia. Mama hajambo?"

"Hajambo, mwalimu."

"Goti lake? Na mdogo wako, bado anatafuna kucha?"

Taa ikaanza kufifia. Mkunga akajibu kuhusu goti huku akipapasa vifungo, lakini kwa glavu nene vile ilikuwa kama kumenya kitunguu kwa miguu. Alipofungua cha pili, mwalimu alikuwa amefika kwa shangazi. Akabonyeza honi kwa bahati mbaya, ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Kisha kimya. Akapiga kiki mara sita. Wapi!

"Imekuwaje?" mwalimu akauliza.

Mkunga akamweleza yote, machozi yakimlenga: glavu, msimamizi, kituo. Bibi yule akakunja mikono ya sweta.

"Basi aliyeizima ni mimi. Shika usukani."

Wakasukuma. Walisukuma kwenye mawe, walisukuma kwenye tope, mwalimu akihesabu hatua kwa sauti ya darasani. Walipofika, mkunga alikuwa akitoka mvuke kama sufuria.

Nje ya kituo wajawazito tisa, waliosikia kituo kinafungwa, walijaa kwenye benchi wakisubiri, hawataki kuingia. Msimamizi alisimama mlangoni, kalamu mkononi.

"Wametuma mjumbe," akasema kwa baridi. "Akipiga kelele, wote wanaondoka. Na mimi naandika."

Mjumbe, mama wa watoto wanne mwenye ulimi mkali, alikuwa amekwisha kulala kitandani, amefumba macho, amekunja vidole vya miguu. Mkunga akavua glavu, akanawa, akaweka viganja tumboni.

Mama akazidi kufumba macho.

"Si uanze basi!" mama akasema huku akiuma meno.

"Nimeshaanza."

Mama akafumbua jicho moja, akautazama ule mkono. Kisha akageukia dirisha.

"Jamani, ingieni! Upesi, kabla hajapoa!"

Msimamizi akarudisha kalamu mfukoni.

Jumanne iliyofuata shemeji alikuwa amefunga betri mpya, na swichi ameileta nje, kwenye usukani. Mkunga akafika katikati ya mlima, akamkuta mwalimu kando ya njia, mikono ya sweta imeshakunjwa. Akazima glavu. Akafikiri kidogo, akazima na injini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akishuka.